Kwa Nini Hukusikia Sauti ya Mama

Keringet,
Kuresoi.
Tarehe 9 Agosti, 2025.

Mpendwa dadangu Chesang,

Pokea salamu nyingi kama mvua ya huku, ambayo tangu Julai haijapumzika. Baridi ya Melbourne inakutendea aje? Mgongo uliacha kukuuma? Shemeji Kosgei hajambo? Na Becky, bado anakataa ugali? Mwambie mama yake mkubwa anasema akija huku atapikiwa mpaka akubali.

Sisi tuko. Viazi vimekubali mwaka huu, na yule ng'ombe mwekundu wa mama amezaa ndama jike. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Wiki tatu hushiki simu yangu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Bethwel, kijana wa kaka yetu Kipruto, anakuja huko kwa masomo, na barua hii nitamshonea ndani ya koti ndiyo isipotee. Nilisoma ulichoandika kwa grupu ya familia: "Mlizima sauti ya mama makusudi. Hamkutaka hata nimlilie." Nilikaa chini palepale zizini.

Chesang, hakuna mtu alizima. Sue jirani alikuwa ameshika simu vizuri, akiwaonyesha mazishi ya mama mtandaoni nyinyi mlio mbali. Kabla jeneza kushushwa, Chelimo wangu aliweka ule wimbo kwa spika. Sauti ya mama ikatoka, wazee wakavua kofia. Sisi tulisikia. Nyinyi mkaona midomo tu. Sue akanionyesha maandishi kwa simu: sauti imeondolewa, wimbo huu una mwenyewe. Mwenyewe! Na mwenye wimbo alikuwa amelala mbele yetu ndani ya sanduku.

Wimbo unaujua. Ni ule mama alikuwa anamwimbia ng'ombe akikamua, ndiyo ateremshe maziwa. Chelimo aliutilia gitaa, mama mwenyewe akaimba mwanzo na mwisho. Si kujisifu, lakini kutoka hapa mpaka Nakuru hakuna binti ako na sauti kama ya mwanangu. Vinyozi wa Bondeni wanaucheza, maharusi wanaingia nao kanisani, na naambiwa hata wanajeshi wa Lanet wanakimbia nao asubuhi.

Sasa nikuambie kile sijaambia mtu. Mwenye studio, anaitwa Jeff, alikuja hapa nyumbani na karatasi. Chelimo alikuwa na miaka kumi na saba, kwa hivyo ilitakiwa sahihi ya mzazi. Nilivaa kile kitenge ulinitumia. Nikamtolea mursik, maziwa yetu yaliyolala, kwa kibuyu cha mama, akakunywa mpaka chini, akapangusa mdomo, akasema, "Mathe, hii ni tamu kushinda ya kwa nyanyangu."

Chelimo alinivuta nguo. "Mama, wacha tusome kwanza."

Nikamkemea mbele ya mgeni. "Mtu amekunywa mursik ya nyumba hii, halafu unamchunguza kama mwizi?"

Si unajua sisi? Mtu akishakunywa kibuyu chako, hawezi kukutendea ubaya. Nikaandika majina yangu yote matatu, kwa zile herufi nzuri mwalimu alinisifia nikiwa darasa la sita. Nilipiga hata picha ya hiyo sahihi nikaweka kwa grupu. Wewe mwenyewe ulinipigia makofi.

Siku ya tatu baada ya mazishi ndiyo Chelimo alinisomea. Wimbo na sauti zote zilizo ndani yake ni mali ya studio milele. Hilo neno milele mimi nimekuwa nikilijua la kanisani tu.

Nilimpigia Jeff. Akasema, "Pole sana kwa msiba, mathe. Lakini hiyo ni mashine inakata sauti yenyewe, si mimi."

Nikamwambia mashine haikukunywa mursik yangu. Akasema atanipigia. Hajapiga.

Watu hawahesabiki wanaosikiliza huo wimbo kwa simu zao, na Chelimo bado anauza kabichi hapa stendi. Hajanilaumu hata siku moja. Heri angenitukana. Mtoto aliyekuwa anaimba hata akifua soksi, sasa anaosha vyombo kimya. Jumapili kwaya ikisimama namwangalia: anafungua mdomo tu, hakuna kinachotoka.

Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo ya simu yangu ya zamani. Usiitupe. Kabla waende studio, Chelimo alimrekodi mama zizini akikamua. Hakuna gitaa. Utasikia maziwa yakigonga ndoo, utasikia mama akimgombeza ng'ombe atulize mguu. Tafadhali usiiweke mtandaoni, hata kwa grupu ya familia. Itie sikioni mwako peke yake.

Mwishoni mama anauliza, "Na Chesang huko mbali, ataisikia?" Anayejibu kwa majivuno ni mimi: "Ataisikia, mama. Dunia yote itaisikia."

Dunia imeisikia. Ni wewe hukuisikia, siku ile uliihitaji, na ni mkono wangu uliofanya hivyo. Nisamehe, dadangu. Ama ukishindwa kunisamehe, mlilie mama kwanza, mimi nitangoja.

Kipruto na mkewe wanakusalimu sana. Chelimo anasema ndama amempa jina lako. Msalimie Kosgei, na umbusu Becky shavu zote mbili. Mungu aliyekuwa akimsikia mama zizini kabla kuku waamke, akusikie na wewe huko uliko.

Wako akupendaye hata usiposhika simu,
Dada yako Chepkorir,
Mama Chelimo.