Mashine mbili zisizosikiana, na wivu wangu kwa Feza

Kasongo, Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na roho yangu nzito kuliko mawingu.

Nianze na ukweli: nina wivu. Namwonea wivu Feza.

Ni mimi niliyempokea hapa hospitalini, binti kutoka Wamaza ambaye hakuwa amegusa hata serveri moja, yaani kompyuta kuu ya mtandao. Nilimfundisha kazi ya kompyuta. Sasa mkurugenzi amemtuma huko Kabambare kuweka mtandao wa kituo kipya cha afya, yeye ndiye mkubwa wa kazi, na mimi nimebaki kufuta vumbi. Alipopanda pikipiki juzi nilimtakia safari njema. Nilimtakia kwa mdomo tu.

Leo asubuhi umeme ulikatika, jenereta ikachelewa kushika, kila kitu kikazimika. Serveri zetu mbili zimeunganishwa zifanye kazi pamoja, na ndani yake mna mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na mwili: moja ya labo wanakopima damu, nyingine ya maternite, wodi ya wazazi. Zilipowaka tena, ya labo haikuiona ya maternite. Majibu ya damu hayakupita. Mama mmoja alikuwa anangoja kupasuliwa, na muuguzi Godelive akawa anakimbia kwenye mvua kati ya majengo, karatasi za majibu amezificha chini ya kitenge.

Nikaangalia anwani za mashine: sawa. Nikalegeza ukuta wa ulinzi wa mtandao: bado. Serveri zenyewe zilijibizana vizuri, lakini mashine zilizomo ndani zilinyamaziana kama wake wenza. Nikabadilisha kabo, zile nyaya za mtandao. Bure.

Mkurugenzi akaja, akasimama mlangoni.

"Umeshamuuliza Feza?"

 Nikapiga simu, nikiomba mtandao wa Kabambare usishike. Ukashika, na Feza akaniita yaya, mkubwa wake, kama kawaida.

"Yaya, izo mashine mbili ziko kwa serveri moja, ao kila moja iko kwa yake?"

Swali nililomfundisha mimi! Na mimi sikuwa nimejiuliza.

Nikaihamishia mashine ya labo kwenye serveri ya maternite. Papo hapo zikaongea. Majibu yakapita, daktari akaingia chumba cha upasuaji. Kumbe mashine zilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa njiani, kwenye switchi, kile kifaa kinachounganisha serveri mbili. Nikafungua mipangilio yake kwa kompyuta: mpangilio unaoruhusu mashine pepe kupita haukuwemo. Uliwekwa wiki jana, haukuhifadhiwa, na umeme ulipokatika ukafutika.

Aliyeuweka ni Feza.

Hapo nilifurahi, siwezi kukataa. Nikarudisha mpangilio, nikauhifadhi, nikairudisha mashine ya labo mahali pake, zikaendelea kusikiana. Muda wote huo nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mkurugenzi, kwa sauti ya upole, kama mtu anayesikitika. Lakini nikampigia Feza kwanza. Nilitaka nimsikie akibabaika.

Akacheka.

"Aka! Ni miye, yaya. Nilisahau kuhifadhi. Aksanti sana. Acha nimupigie mkurugenzi miye mwenyewe."

Akampigia kweli. Mkurugenzi alipita mchana akitabasamu. Akasema mama amejifungua salama, mtoto analia kwa nguvu. Kisha akaongeza, "Feza amenieleza yote. Mutu wa kweli, ule." Mimi alinishukuru akiwa ameshageuka kuondoka, kama mtu aliyekumbuka mwavuli wake.

Nimekaa na jambo hili mpaka sasa. Nilidhani namwonea wivu wa safari na cheo. Lakini kosa lile lingekuwa langu, ningelaumu jenereta, ningelaumu switchi, ningemlaumu hata yeye. Feza amelibeba kosa lake kama ndoo tupu, na watu wamezidi kumpenda.

Kule Kabambare, Feza alipelekwa na mkurugenzi. Moyo ule wa kukiri kosa hakupewa na mkurugenzi, wala hakuna aliyeninyima mimi.

Basi nani amenizuia kuwa nao?