Simu Niliyoipokea kwa Niaba Yako

Chumba cha Watafiti Wasaidizi,
Idara ya Tiba, Chuo Kikuu.
9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti la Mama limepoa, au bado linamsumbua akiinuka? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio wenye jambo, na nimekaa nalo miezi minne nikijifanya nimetingwa na kazi.

Kazi yenyewe sijawahi kukueleza vizuri, maana ukiniuliza kwenye simu huwa nabadilisha mazungumzo. Niko kwenye utafiti wa presha. Nakaa kwenye kichumba mkabala na maabara, nina mizani, mashine ya presha na rundo la fomu. Kila mgonjwa namsomea fomu ya ridhaa neno kwa neno, ajue anachokubali, ajue pia anaweza kukataa. Juzi mzee mmoja fundi viatu alinikatiza: "Lete nitie sahihi, binti. Uso wako huo hauwezi kumdanganya mtu."

Nilipotewa na mstari niliokuwa nasoma.

Dada, nilikudanganya.

Uliponitumia vyeti vyako nivifikishe hapa idarani, nilivifikisha, haki ya Mungu. Ila niliposoma tangazo la kazi nikaona na mimi sifa ninazo, nikaweka bahasha yangu pia. Hilo nilikwambia. Ukacheka, ukasema angalau kazi itabaki nyumbani.

Sikukwambia kilichofuata. Kwenye barua yako uliandika namba yangu ya simu, kwa kuwa huko mtandao ni wa kubahatisha. Katibu wa idara akapiga. Alikuwa anakuita wewe kwenye usaili. Wewe, si mimi. Nikamjibu, "Samahani, ameshapata kazi kwingine."

Yalinitoka tu. Lakini ningeweza kumpigia tena dakika ileile, na sikupiga. Siku mbili baadaye wakaniita mimi.

Ni wewe uliyeahirisha masomo miaka miwili Mama alipoanguka, ili mimi nisikatishe ya kwangu. Nilikuwa nalijua hilo simu ikiwa bado sikioni.

Jana nilikwenda kwa profesa anayesimamia utafiti wetu, nikamweleza yote. Akavua miwani, akaiweka juu ya meza.

"Dada yako anajua?"

"Hapana."

"Sasa kwangu umefuata nini kabla yake?"

Suala langu litapelekwa kwenye kikao cha idara, na huenda nikaondolewa. Sitajitetea. Mwezi ujao pia wanaongeza mtafiti mmoja, na jalada lako bado lipo. Namba ya katibu nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Piga mwenyewe, Dada. Usipitie kwangu.

Msalimie sana Shemeji, na yule binti yenu mdogo, Bi Maswali, umbusu kwa niaba yangu. Mama ukitaka kumwambia, mwambie. Sina haki ya kukuomba unifichie.

Mungu akulinde, akupe kilicho chako.

Mdogo wako akupendaye, ingawa sikukupenda vizuri siku ile.