Kikohozi cha Dada Kabula

Jumanne, 13 Agosti 1974. Asubuhi jua kali, upepo wa ziwani.

Karatasi ya hospitali bado ninayo mkobani. Nilimwandikia leo dada Kabula, mchambua pamba wa kiwandani kwetu, kwa kikohozi chake cha tangu Juni. Akanirudishia akicheka.

"Mdogo wangu, wanaoumwa ni nyie makarani. Sisi tunakohoa tu, ni vumbi. Mama naye alikohoa hivi hivi mpaka uzee ukamchukua."

Nikamwuliza mama alikuwa na umri gani.

"Mzee kabisa. Arobaini na mbili."

Kabula ana arobaini.

Mimi wiki jana nilipumzishwa siku mbili kwa mafua, wala sikuona ajabu.

Kesho nitamshika mkono twende wote. Akikataa, sijui...

Nazima taa, saa saba na nusu usiku.