Mstari Mweupe kwenye Namba 61

Jumatatu, 4 Machi 1974
Daktari Kariuki amefika kutoka Nairobi. Hapa kituo cha afya cha Amagoro kila mtu anamkimbilia na kiti. Amekuja kutafuta saratani ya ini ndani ya damu ya watu wasioumwa! Eti kuna protini ambayo ini la mtoto hutengeneza akiwa tumboni. Akizaliwa, inaisha. Mtu mzima akiwa nayo tena, huenda saratani imeanza na yeye mwenyewe hajahisi chochote. Miaka tisa niko kwenye maabara hii na malaria na minyoo. Sijaona ugonjwa unaopiga hodi.

Jumanne, 5 Machi
Madereva wa malori kutoka Malaba wamepanga foleni. Majitu mazima – yanaogopa sindano! Mmoja aliuliza kama damu yake itauzwa Uganda. Nikamwambia hakuna atakayeinunua. Baadaye daktari akataka na sisi wafanyakazi tutoe. Sista Petronilla, nesi wetu, akawa wa kwanza kukunja mkono. Mbele ya wageni huyo hakosi.

Jumatano, 6 Machi
Kazi yenyewe ndiyo hii: unamwaga jeli kwenye kioo, unatoboa vishimo, maji ya damu huku, dawa kule, unangoja mpaka kesho. Protini ikiwepo, mstari mweupe unajichora katikati. Kwa hili mtu alisomeshwa ng'ambo!

Alhamisi, 7 Machi
Vioo vyote vitupu. Isipokuwa namba 61 – mstari mnene kama uzi wa kushonea. Nikafungua daftari. 61 ni Petronilla.
Nilicheka mpaka nikakaa chini. Daktari alituambia wajawazito wasipimwe, wao pia huweza kuwa na hiyo protini. Sista wetu mtakatifu! Hana mume, kwaya kila Jumapili! Daktari yuko Busia mpaka Jumamosi, kwa hiyo nikamwambia Perez, mkunga. Mdomo wa Perez hauna kifuniko. Nilijua hivyo.

Ijumaa, 8 Machi
Kufika saa sita kituo kizima kinajua. Mlinzi wa geti alimwimbia Petronilla wimbo wa kubembeleza mtoto. Akaja maabara.
– Opolot, wewe ndiye umesema nina mimba?
Nikamwambia si mimi, damu yako ndiyo imesema.
Akaenda moja kwa moja kwa Perez, akapanda kitandani, akasema mnipime. Perez akatoka anapangusa mikono. Hakuna kitu, akasema. Basi mimba ni changa, nikasema mimi. Hakuna aliyecheka. Wanafiki, asubuhi walicheka wote.

Jumamosi, 9 Machi
Daktari amerudi. Alikiinua kioo cha 61 dirishani, akakitazama muda mrefu. Nikamweleza habari ya mimba, nikicheka kidogo.
– Bwana Opolot, mimba haichori mstari hivi. Labda kivuli tu. Huu ni mnene mno. Rudia.
Nimeweka vioo viwili vipya mpaka kesho. Jumapili, 10 Machi: mstari ule ule.

Jumatatu, 11 Machi
Daktari aliniuliza kama Petronilla hulalamika maumivu. Hapana. Anaendesha baiskeli kutoka Chakol kila asubuhi. Akasema basi huenda saratani tumeiwahi, kama uvimbe bado ni mdogo Nairobi wanaweza kuukata. Huenda! Masomo yote yale, na neno aliloleta ni huenda.
Akanituma nimwite. Alikuwa wadi ya watoto, anamnywesha mmoja kwinini. Hakugeuka.
– Umekuja kuomba msamaha?
Nikasema ndiyo. Uongo. Hilo halikunileta. Akaweka kikombe chini, uso ukalegea. Akasema amenisamehe, kwamba siku zote alijua moyo wangu si mbaya, ni ulimi tu. Hajui kitu huyu mwanamke! Nikamwambia daktari anakuita.
– Kuna nini?
– Sijui.
Uongo wa pili, na saa tano haijafika. Hata mlinzi wa geti ni mtu kuliko mimi.
Sasa wako chumba cha pili, mlango umefungwa. Naandika hapa mezani, kando ya vioo. Ukuta ni mwembamba. Namsikia Petronilla akicheka – daktari hajamwambia bado.