Vidonge Vyeupe Kwenye Gunia la Baba

Nyumbani, shambani kwetu
Jumanne, tarehe kumi na nne

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Magoti yanakwendaje, na kile kikohozi cha shemeji kimeshaondoka, au bado mnalala watatu? Sisi huku wazima, ila mimi situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama nakaa. Anayeandika ni mkwe wangu, mke wa Meneja. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asinipunguzie hata neno.

Meneja ndilo jina majirani walilompa mwanangu tangu aache ofisi. Unakumbuka alistaafu mwenyewe, miaka minane kabla ya wakati, akaja kulima kahawa ya baba yetu. Watu walicheka mpaka wakachoka. Maana kahawa yake si kama ile yetu, mbichi na mbivu zote gunia moja. Yake inachumwa nyekundu tupu, inaoshwa, inaanikwa kwenye vitanda vya wavu, inageuzwageuzwa kama mgonjwa. Ana kidude cha kupimia unyevu, anakitazama kuliko anavyomtazama mkewe. Hapo mkwe amecheka, lakini ameandika.

Sasa Alhamisi anakuja mwonjaji. Mwanamke mzima, kazi yake kuonja kahawa! Anaivuta kwenye kijiko kwa kelele, halafu anaitema. Sisi tungefanya hivyo mama angetuchapa. Akiipenda atachukua mavuno yetu yote, mwaka huu na mingine. Asipoipenda itachanganywa na ya kila mtu na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na Meneja atarudi mjini kutafuta ajira na mvi zake kichwani.

Nikwambie kinachoniwasha. Tangu arudi, mimi naambiwa neno moja tu: mama, pumzika. Shamba nililolishika peke yangu tangu baba yake atangulie, leo naonyeshwa kiti! Mikono haijui pa kwenda. Nimefuma vitambaa vya meza mpaka meza zimekwisha.

Basi juma lililopita yeye na mkewe wakaenda mjini siku tatu. Mvua ikanyesha, bati la stoo likavuja. Nikaburuta magunia mawili madogo, yale ya shamba la juu alikopanda baba yetu, kahawa bora kuliko zote, nikayaingiza chumbani kwangu. Mpaka hapo nilistahili sifa. Lakini nikaona mdudu ukutani. Mmoja tu! Nikachukua vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende kwenye nguo, ulivyoniletea wewe mwaka juzi, kwa hiyo na wewe una mkono wako humu. Nikafunga vinne vinne kwenye kitambaa, nikavitumbukiza ndani. Nikasema, kahawa bado ina ganda lake, si imevaa koti?

Walipokaribia kurudi nikavitoa, magunia nikayarudisha, kimya. Juzi namsikia Meneja anamweleza jirani kwamba kahawa ni kama mtoto wa kunyonya, kila harufu inaivuta, hata ya kitunguu kilicholala karibu. Tonge nikalirudisha sahanini.

Mdogo wangu, nilitaka unishauri, niseme au ninyamaze? Lakini naona kalamu imesimama. Mkwe ananitazama. Nilisahau kwamba ninayemficha na anayeandika wanalala kitanda kimoja. Ameinuka, anakwenda stoo.

Tunaendelea, sasa ni jioni. Ushauri wako usihangaike nao tena. Mkwe alirudi akasema, "Mama, mficha uchi hazai. Mwambie mwenyewe, mimi sisemi."

Nikamwita mwanangu, nikamweleza yote. Meneja akaingiza mkono gunia la kwanza mpaka kiwiko, akanusa, akafumba macho.

"Mama, umegusa mangapi?"

"Mawili."

"Ya shamba la juu?"

"Hayo hayo, baba."

Akayatoa nje mwenyewe, moja moja, kama anabeba maiti. Akaja akakaa chini kando ya kiti changu. Mwisho akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka, akachomoa ufunguo wa stoo mfukoni.

"Shika. Kesho asubuhi ile iliyobaki vitandani utageuza wewe. Nikikuacha ukae bure, wiki ijayo utaitia sabuni."

Kwa hiyo Alhamisi mwonjaji atapewa kahawa ya shamba la chini. Si mbaya, lakini si ile. Tuombee. Mimi ufunguo nimeufunga kwenye pindo la nguo, na kila mara naushika kuona kama upo.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake, na binti yako mshonaji, na wajukuu wote, hata yule asiyependa kusalimiwa. Mungu akulinde, akutilie mafuta kwenye hayo magoti.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata ukichelewa kujibu. Dole hilo hapo chini ni langu.

Na karatasi hii niliitoa kwenye sanduku langu la nguo. Hebu inuse. Ndivyo linavyonuka gunia la baba.