Kila Trela Ilikuwa na Kasoro

Ottumwa, Iowa
Jumamosi jioni, mwezi wa nne

Kwako kaka Garland,

Nakusalimu wewe na shemeji Peg na wote mlioko hapo Sedalia. Goti linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia daktari amelitoa maji na kukukataza ngazi, halafu shemeji akaninong'oneza kwamba kesho yake ulikuwa juu ya paa la banda na nyundo. Naomba barua hii ikukute uko chini. Sisi hapa tupo. Kazi kiwandani ni ileile, mvua imeanza, na watu wameshaingiza matrekta shambani. Nadine anakusalimu sana. Sasa hivi yuko uani ndani ya trela anapanga vikombe, nitakueleza. Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka, na uchovu wenyewe si wa kazi.

Utashangaa kupata barua kutoka kwangu. Ningepiga simu, lakini wewe kwenye simu hunisubiri. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, halafu tunajikuta tunazungumzia bei ya mahindi. Hili nataka ulisome mpaka mwisho kabla hujasema kitu.

Nianze na macho yake. Daktari wa Des Moines alimpima tena mwezi wa pili. Ugonjwa unaujua, ule unaokula pembeni kwanza ukija katikati. Nadine mwenyewe anasema ni kama kuangalia dunia kupitia kile kibomba cha karatasi ya chooni, na kila ukienda hospitali wanakubadilishia chembamba zaidi. Anasema hivyo anacheka. Lakini mlango wa kabati ukiachwa wazi anaugonga na paji la uso, na juzi nilimnyooshea kikombe cha kahawa, ananitazama usoni kabisa, hakukiona. Daktari hakutaja tarehe. Alimwambia tu kwamba kama kuna kitu anataka kukiona, asikiahirishe.

Kitu chenyewe unakijua, maana amewaimbia nyote. Anataka kwenda Utah kwenye ile miamba myekundu. Amezaliwa kwenye mahindi, amekulia kwenye mahindi, na anasema anataka kuona kitu kipana wakati bado anaweza kukiona chote kwa mara moja. Hotelini hataki, kwa sababu kila chumba kipya ni vita vipya, hajui kitanda kiko wapi, hajui swichi iko wapi. Anataka trela, nyumba moja inayotufuata, kila kitu mahali pake. Tulianza kuitafuta mwaka juzi majira ya kuchipua. Na unajua jinsi tulivyoitafuta, kwa sababu mmetucheka sana.

Hakuna uwanja wa kuuzia trela kuanzia hapa mpaka Cedar Rapids ambako hatujavua viatu. Wauzaji wenyewe wanakushauri usinunue kwa macho. Uingie ndani, ufunge mlango, uishi humo kama saa nzima, ujifanye ni siku ya kawaida. Basi sisi tumeishi. Nadine alikuwa anaipenda kazi hiyo. Ananiambia haya, mvua inanyesha, mimi nakaanga mayai, wewe unatafuta soksi, hebu tupishane hapa bila mtu kuungua. Tunapishana. Kisha analala kitandani na koti lake, mimi nakaa chooni mlango umefungwa nione kama magoti yanaingia. Roxanne, yule mama muuzaji pale karibu na Oskaloosa, alifika mahali akaniambia mzee Verlin, umelalia vitanda vyangu kuliko paka wa ofisi, na paka angalau anakamata panya.

Na kila trela ilikuwa na kasoro. Ile ya futi thelathini yenye chumba kinachochomoza pembeni ilikuwa ndefu mno, viwanja vya kule mbugani haviipokei, na ukikirudisha chumba ndani wakati wa safari hufikii friji. Ya futi kumi na sita ilikuwa ndogo mno, tungetoka humo tumeachana. Nyingine kitanda kimebanwa ukutani pande tatu, anayelala ndani akitaka kwenda kukojoa lazima amkanyage mwenzake. Nyingine ina vitanda vya kupandana nyuma, vya watoto, nasi watoto wametuzidi urefu. Ipo ambayo meza yake inageuka kitanda, nikasema sitaki kuvunja kitanda kila nikitaka kula uji. Tangi dogo, tangi kubwa na zito, mlango umekaa upande wa jiko. Kuna moja ilikuwa nzuri kila kitu, nikasema haina dirisha la nyuma.

Mwaka wa kwanza ukaisha hivyo. Wa pili nao ukaisha.

Sasa ile Sikukuu ya Shukrani mlipokuja kwetu. Nadhani unakumbuka. Ulikuwa umeshika paja la bata mzinga, ukasema mbele ya watu wote kwamba hata malkia akihamia ikulu hachagui vyumba namna hiyo. Ukamwambia Nadine, shemeji, chukua yoyote, sanduku lina magurudumu, mtalala mtaamka, kwani unatafuta mbinguni? Peg akacheka mpaka akakohoa. Ukaniangalia mimi kwa huruma, ukasema pole mdogo wangu. Na mimi nikainua mabega hivi, kama mtu anayesema nifanyeje, ndiyo mke niliyepewa. Nadine akatabasamu, akaomba apitishiwe mchuzi. Bakuli lilikuwa pembeni ya mkono wake, hakuliona.

Kaka, Nadine hakukataa trela hata moja. Ile ndefu aliipenda. Ile ndogo aliipenda zaidi. Ile isiyo na dirisha la nyuma alisema atashona pazia na kulitundika ukutani, atajifanya kuna dirisha. Kila kasoro niliyokutajia hapo juu niliitafuta mimi. Nilikuwa naingia ndani ya trela naangaza macho mpaka nipate kitu, nikikipata tu naanza kutafuta funguo za gari. Kisha nikawaacha nyinyi wote mmwone yeye ndiye mwenye makuu. Kazini pia nilisema hivyo. Kanisani pia. Nilisema mnajua wanawake.

Sababu ni mashua yako, ile niliyoiazima kabla hatujaanza kutafuta trela.

Nilikuambia tairi lilipasuka. Halikupasuka. Siku ile tunakwenda ziwani Rathbun nilipakia mizigo ovyo, masanduku ya barafu na betri na nanga vyote nimevirundika nyuma, ilhali uliniambia mara ngapi uzito ukae mbele. Pale kwenye mteremko mrefu, upepo ukatupiga ubavuni, mkia ukaanza kuyumba. Nikakanyaga breki. Ukayumba zaidi, mpaka nikawa naiona mashua kwenye kioo cha kushoto, halafu cha kulia, halafu cha kushoto, kama inataka kutupita. Tulivuka mstari. Gari lililokuwa linapanda, la familia, liliingia kwenye nyasi kutukwepa. Namkumbuka yule mama alivyomweka mtoto mkono kifuani. Kisha mashua yako ikaishia kwenye mahindi nasi tukaishia mtaroni, na hakuna aliyeumia. Nikakupigia simu nikasema tairi. Wewe hukuuliza hata kidogo. Ukaenda kubadilisha tairi za kila kitu ulichonacho, hadi toroli.

Tangu siku ile sijavuta kitu nyuma ya gari. Labda uliona kwamba kuni nilianza kununua za kuletewa. Mtu wa miaka hamsini na sita, nilikuwa naona haya kusema.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita tulirudi kwa Roxanne. Kulikuwa na trela imeingia wiki hiyo, ya futi kumi na tisa, imetumika. Kitanda mbele, unazunguka pande mbili. Jiko upande mmoja, meza upande wa pili, choo nyuma kabisa. Korido moja iliyonyooka. Nadine akamwomba Roxanne atuache. Nikadhani anataka tuanze mchezo wetu wa mayai na soksi. Badala yake akashuka tena mpaka chini kwenye ngazi, akafumba macho, akapanda.

Aliweka mkono wa kulia ukutani hakuutoa. Akawa anataja taratibu kila anachogusa: kitasa, jiko, sinki, friji, choo. Akageuka, akarudi kwa upande wa pili, meza, kabati, kitanda. Akafanya tena bila kutaja. Mara ya tatu alichukua chupa ya kahawa niliyoiacha mezani, akatoa kikombe kwenye mkoba, akamimina kahawa mpaka karibu na mdomo wa kikombe bila kumwaga hata tone, akanywa. Mimi nimesimama mlangoni. Hapo ndipo nikaelewa alichokuwa anatafuta. Mimi nilikuwa napima trela ya kwenda Utah. Yeye alikuwa anapima trela ya kurudi nayo akiwa haoni tena.

Akasema ni hii.

Na mimi, kaka, nakuapia, mdomo wangu ukafunguka wenyewe nikasema lakini tangi la maji machafu ni dogo.

Alikaa kitandani, macho bado kayafumba. Akaniambia Verlin, zitaje zote leo, moja baada ya nyingine, nakusikiliza, kwa sababu baada ya leo sitaki kuzisikia tena. Nikaanza. Nikasema tangi, nikasema dari liko chini, nikasema rangi. Nikaishiwa. Ndipo akasema kwa upole tu, kama mtu anayekukumbusha umesahau mwavuli, kwamba anajua naogopa kuvuta. Alijua tangu siku ya mashua. Alikuwa amekaa pembeni yangu, hakusikia tairi lolote likipasuka.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Kwa nini hakusema ile siku ya bata mzinga, mbele yako, wakati anachekwa. Akasema angeniumbua mbele yako nisingeshika tena usukani wenye kitu nyuma, na yeye alikuwa anauhitaji huo usukani. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe. Alidhani atamudu kusubiri. Kisha akafumbua macho akanitafuta, maana nilikuwa nimesogea na hakujua niko upande gani, akasema sasa naona siwezi kukusubiri tena, mume wangu, nisamehe.

Mimi ndiye niliyekula miaka yake miwili ya kuona, na yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

Tumeinunua. Mume wa Roxanne alituletea, akaiegesha uani. Kila siku jioni Nadine anaingia humo kupanga na kupangua. Anabandika vipande vya kitambaa kwenye vitasa ili avijue kwa vidole. Anasema anaisoma wakati bado anaiona. Mimi kila nikitoka kazini nafunga trela kwenye pikapu, naendesha mpaka mwisho wa barabara yetu, nageuza kwenye uwanja wa kanisa, narudi, nafungua. Nimefunga vile vyuma vya kuzuia kuyumba ulivyonishauri wakati ule, nikajifanya sikusikia. Vitu vizito vyote viko mbele. Navikagua, halafu narudi kuvikagua.

Kesho nimemwahidi tutakwenda Rathbun, kwenye mteremko uleule. Yeye ndiye aliyeuchagua. Nilitaka nikuombe uje uendeshe wewe, nilishaandika sentensi hiyo kwenye karatasi nyingine nikaichana. Ninachokuomba ni kingine. Mpigie Nadine. Mimi usiniulizie. Mwombe radhi kwa lile neno la malkia, na umwambie nimekueleza nani alikuwa anachagua. Watu wa kanisani nitawaambia mwenyewe, nimemwomba mchungaji nafasi kabla ya mkutano wa chakula Jumatano. Na kuhusu mashua, sema utakachosema, nitakisikiliza mpaka mwisho.

Msalimie sana shemeji Peg. Mwambie ile sahani yake ya pai bado iko kwetu, hatujaiba. Goti lisipande ngazi. Mungu awatunze hapo mlipo.

Ni mimi mdogo wako,
Verlin

Jumapili alasiri.

Bahasha sikuwa nimeifunga, kwa hiyo naongeza. Tumerudi. Upepo ulikuwepo, wa ubavuni kama ule. Katikati ya mteremko mkia ukacheza. Nikaachia mafuta, nikabana breki ya trela kwa mkono, ile ndogo chini ya usukani, mguu wangu nikauambia ukae ulipo. Ikanyooka. Nadine alikuwa ameshika mkanda wake kwa mikono miwili.

Chini nikaegesha, nikashuka, nikatapika kwenye nyasi. Niliporudi alikuwa ameshateremka, amesimama mbele ya pikapu anatazama ziwa. Aligeuza kichwa polepole kutoka mkono wa kushoto mpaka wa kulia, kama mtu anayesoma mstari, akakirudisha akaanza tena. Nikamwuliza kama analiona lote. Akasema kwa vipande, lakini lote. Kisha akaniambia nifute mdomo, hili ni ziwa dogo, na Utah ni mbali.

Tunaondoka Ijumaa.