Fomu Yako ya Umeme

Dada yangu mpenzi,

Huku sote wazima. Mama ameng'oa jino, na baba bado anabishana na watangazaji wa redio. Redio ni ileile uliyokuwa ukiifungua kwenye sakafu ya jiko, mimi nikikushikia skrubu kiganjani, nawe ukinikataza hata kupumua. Siku zile nilidhani hakuna usichoweza kutengeneza.

Sasa nikwambie. Chuo cha ufundi nilikoajiriwa kilinipa kazi ya kuchunguza kwa nini karakana ya umeme haina wasichana. Mkuu wa chuo, yuleyule wa enzi zako, alikuwa na jibu tayari: "Wenyewe wanapenda ushonaji." Nikapekua fomu za miaka ishirini. Wasichana sitini na wanne waliomba umeme, wengi wakiwa na alama za juu kuliko wavulana. Wote walipelekwa ushonaji bila kuulizwa.

Fomu yako nimeikuta humo. Dada, ulituambia umebadili mawazo! Mwaka mzima nilikununia, nikidhani umeogopa. Nisamehe.

Fomu zote niliziweka mezani mbele ya bodi. Mkuu alizisoma moja moja, akavua miwani. "Saini hizi ni zangu," akasema.

Muhula huu nafasi zimetolewa kwa alama tu, na wasichana kumi na mmoja wameingia umeme. Mkuu anauliza kama utakubali kuja kujifunza pamoja nao. Nusura nimjibu kwa niaba yako, nikajizuia. Safari hii uamue mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba